Kuhama Kazi kwa Ajili ya Mshahara Mkubwa

HOTUBA YA KWANZA

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu, aliyeigawa riziki ya viumbe vyake kabla hawajazaliwa, akamtaka mwanadamu aitafute kwa jasho lake na kwa njia iliyo safi. Tunamwomba rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyechunga mbuzi akiwa kijana, akafanya biashara kwa mali ya watu akiwa mtu mzima, na katika kazi zote mbili akajulikana kwa uaminifu.

Amma baad. Ndugu Waislamu, tunajiusia sisi wenyewe, kisha tunawausia nyinyi, tumche Mwenyezi Mungu katika sala zetu na katika mishahara yetu. Kwani mtu huulizwa juu ya mali yake maswali mawili, aliipata wapi na aliitumia wapi, wala hapana awezaye kulikimbia lolote kati ya hayo.

Leo tumekusudia kueleza jambo linalozifikia nyumba nyingi, hasa nyumba zilizo kando ya njia kuu kama mji wetu wa Dumila. Mji huu umekaa mahali ambapo barabara itokayo Morogoro kwenda Dodoma inakutana na ile iendayo Rudewa na Kilosa. Mabasi na malori hupita mchana na usiku, na pamoja na abiria na mizigo hupita habari: fulani amepata kazi Dar es Salaam, fulani anaitwa Dodoma, mahali fulani wanatoa mshahara mara moja na nusu ya huu wa hapa. Kijana aliyekuwa ametulia katika kazi yake huzisikia habari hizo, na usiku ule hapati usingizi. Mama yake ana maoni yake, mkewe ana maoni yake, na marafiki wanamwambia asiwe mjinga. Je, Uislamu una neno gani la kumwambia mtu huyu?

Kwanza yafaa tuondoe dhana moja mbaya. Wapo wanaodhani kwamba kutamani mshahara mkubwa ni kupungukiwa na imani, na kwamba mtu mwenye kutosheka hapaswi kuinua macho kutoka pale alipo. Dhana hiyo si sahihi. Abdurrahman bin Auf (r.a.), alipohamia Madina akiwa ameiacha mali yake Makka, alikaribishwa na ndugu yake Saad bin Rabii (r.a.), ambaye alikuwa tayari kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka ndugu yake huyo, kisha akaomba aonyeshwe soko lilipo. Akaanza kwa jibini na samli, na baadaye akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Kiislamu na miongoni mwa watoaji wakubwa. Kutosheka ni moyo kutokuwa mtumwa wa kile usichonacho. Mtu aliyekaa bila kutafuta, na huku nafasi ya halali iko mbele yake, asiuite uvivu wake kwa jina la kutosheka.

Lakini Qurani Tukufu imetupa pia kipimo, na ajabu ni kwamba kipimo hicho kimo katika sura ile ile iitwayo kwa jina la siku hii ya leo. Katika Suratul-Jumua tunaamrishwa tuache biashara inapoadhiniwa sala ya Ijumaa, kisha sala ikiisha tunaruhusiwa kutawanyika katika ardhi kutafuta fadhila za Mola wetu. Kisha sura inafunga kwa kukumbusha kisa kilichotokea Madina. Msafara wa biashara uliingia mjini wakati Mtume (s.a.w.) yuko katika hotuba. Watu wakaukimbilia, wasibaki msikitini ila watu 12, kama alivyosimulia Jabir (r.a.), na Mtume akaachwa amesimama.

Ndugu zetu, tulitazame jambo hili vizuri. Msafara ule haukuwa haramu. Ulileta chakula, na watu walikihitaji. Wala kutoka kwenda kutafuta hakukukatazwa, maana aya iliyotangulia imeturuhusu. Kilicholaumiwa ni kwamba walipouona msafara, walisahau ni nani waliyemwacha nyuma yao. Basi na sisi, kila unapopita mbele yetu msafara wa mshahara mkubwa, yatupasa tuulize, pamoja na swali la kiasi gani kitaongezeka: je, tunamwacha nani amesimama? Sala yetu? Mwajiri tuliyempa ahadi? Wazazi wetu na watoto wetu? Mwenye swali hili anaweza kupima kazi yoyote, nayo tutaipima kwa mambo manne.

JAMBO LA KWANZA: KAZI YENYEWE

Jambo la kwanza la kutazamwa ni kazi yenyewe, kabla ya mshahara wake. Tuchukue mfano wa dereva wa lori anayebeba mahindi na mpunga kutoka mabonde ya Kilosa na Mvomero. Anaambiwa kwamba akikubali kubeba pombe, mshahara wake utapanda sana. Huyu hahitaji kalamu wala karatasi. Mtume (s.a.w.) aliwataja katika laana ya ulevi wengi wasiokunywa, akiwamo mwenye kuubeba na mwenye kubebewa. Nyongeza hiyo, hata ikiwa maradufu, imekwisha kuhesabiwa.

Zipo pia kazi ambazo jina lake ni safi lakini mshahara wake mkubwa unatoka mlango wa nyuma. Mtu anaambiwa: mshahara si mkubwa, lakini pale kuna vya kuokota. Ikiwa maana ya vya kuokota ni zawadi za wenye shida wanaotaka wahudumiwe kwanza, basi yuko katika kisa cha mtu aliyetumwa na Mtume (s.a.w.) kukusanya zaka, akarudi akiligawa alilokuja nalo mafungu mawili, hili la kwenu na hili nimepewa mimi. Mtume alikasirika, akapanda mimbari, akauliza mbele ya watu kama mtu huyo angaliletewa zawadi zile lau angalikaa nyumbani kwa baba yake na mama yake. Huo ni mtihani mwepesi ambao kila mmoja wetu aweza kujifanyia: ningekaa nyumbani, ningeletewa?

Na katika kuitazama kazi yenyewe tuzitazame saa zake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka mpaka wa kawaida wa saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku, na kazi ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Mtu aulize mapema, tena kwa adabu: Ijumaa saa saba mchana nitapata nafasi ya kwenda msikitini? Alasiri nitapata pa kusali? Mara nyingi mwajiri, hata asiye Mwislamu, humkubalia mtu anayeuliza kabla ya kutia sahihi, lakini huona taabu kumkubalia anayeanza kudai baada ya mwezi mmoja.

JAMBO LA PILI: HESABU

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wengi hulinganisha mishahara miwili kwa kutazama tarakimu mbili zilizoandikwa kwenye barua, ilhali hakuna anayekula tarakimu ya kwenye barua. Huliwa kile kinachobaki.

Tumchukue kijana wa mfano, mtunza ghala la nafaka hapa Dumila, mwenye mshahara wa shilingi 400,000 kwa mwezi. Ameitwa Dar es Salaam kwenye ghala kubwa zaidi kwa shilingi 600,000. Kwa haraka anasema: nimeongezewa laki mbili. Hebu tufungue daftari.

Katika sekta binafsi mfanyakazi na mwajiri huchangia Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, jumla ya asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida kila mmoja hutoa asilimia 10. Hapa Dumila kijana wetu anakatwa 40,000. Zinabaki 360,000 za kutozwa kodi. Kwa viwango vya kodi ya mishahara vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi kitu, na kinachozidi hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8. Basi kodi yake ni 7,200, na mkononi anapata 352,800.

Huko Dar es Salaam atakatwa 60,000 za mfuko. Zitabaki 540,000. Kodi itakuwa 20,000 kwa fungu lile linaloishia 520,000, na asilimia 20 ya zile 20,000 zilizozidi, yaani 4,000, jumla 24,000. Mkononi atapata 516,000. Toa 352,800 katika 516,000: nyongeza yake ya kweli ni 163,200, wala si laki mbili.

Sasa tuingie katika maisha yenyewe. Hapa Dumila kijana huyu analala katika nyumba ya baba yake, anakwenda kazini kwa miguu, na unga anaokula unatoka shambani kwao. Kule mjini tuseme chumba ni 80,000 kwa mwezi. Nauli ya kwenda na kurudi tuseme 2,000 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 52,000. Chakula cha mchana tuseme 3,000 kwa siku, nacho ni 78,000. Jumla ni 210,000. Nyongeza ilikuwa 163,200. Kijana ameongezewa mshahara, na kila mwezi amepungukiwa na 46,800. Na hapo hatujahesabu nauli ya kuja kumzika jamaa wala ya kuja kuwatazama wazazi. Anayeachwa amesimama hapa ni yeye mwenyewe.

Lakini daftari lile lile laweza kumwambia mtu mwingine: nenda. Tumchukue dada yetu aliyesomea uuguzi, ambaye hapa amepanga chumba na ananunua kila anachokula. Anaitwa mji mwingine kwa mshahara huo huo wa 600,000, na mwajiri anampa nyumba ya kukaa. Huyu nyongeza yake inabaki karibu yote, na kodi ya chumba aliyokuwa akilipa inaingia mfukoni mwake. Kumzuia kwa kumwambia kwamba mjini hakuna baraka ni kumdhulumu. Baraka haikufungiwa Dumila, wala haikufungiwa Dar es Salaam.

Liko na shimo jingine. Mwajiri mwingine humwambia mtu: mimi sitaki mambo ya mfuko, nitakupa mshahara wako wote mkononi. Kijana hufurahi, kwa sababu katika 600,000 atalipa kodi 36,000 na kupokea 564,000, yaani 48,000 zaidi ya yule anayekatwa mchango. Lakini kile asichokiona ni kwamba shilingi 120,000 zilizopaswa kuingia mfukoni kwa jina lake kila mwezi, nusu yake ikiwa ni ya mwajiri, hazitaingia. Pensheni ya uzee huhitaji michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15. Mtu huyo ameuza uzee wake kwa bei ndogo mno. Tena kumchangia mfanyakazi ni wajibu wa kisheria, na mwajiri anayeanza kwa kukwepa haki iliyoandikwa ana dhamana gani ya kutimiza haki iliyosemwa kwa mdomo?

Na kwa walimu na watumishi wengine wa umma wanaoitwa na waajiri binafsi, wakumbuke kwamba katika mfuko wao wa PSSSF, ulioanzishwa mwaka 2018, mtumishi hutoa asilimia 5 na mwajiri asilimia 15. Akihamia mahali ambapo yeye atatoa asilimia 10, basi hata mshahara ukiwa sawa, kinachofika mkononi hakitakuwa sawa. Haya hayasemwi ili kuwatisha watu, bali ili mtu achague akiwa ameona.

JAMBO LA TATU: AHADI TUNAYOIVUNJA NA AHADI TUNAYOIFUNGA

Ahadi ni deni. Kazi katika sheria yetu ni mkataba wa ijara: mmoja anatoa manufaa ya nguvu au elimu yake, mwingine anatoa ujira, na wanazuoni wameweka sharti kwamba vyote viwili vijulikane. Mfano ulio bora tumepewa katika Suratul-Qasas. Nabii Musa (a.s.) alifika Madyan akiwa mkimbizi, hana mali wala jamaa. Binti mmoja akamshauri baba yake amwajiri, akimsifu kwa mambo mawili: nguvu na uaminifu. Wakafunga mkataba wenye muda unaojulikana, miaka minane ya lazima, na miaka miwili ya hiari hadi kutimia kumi. Na ujira wake ulikuwa ndoa. Ibn Abbas (r.a.) alipoulizwa ni muda gani Musa aliutimiza, alijibu kwamba ni ule mrefu zaidi. Na Qurani inatueleza kwamba alipoumaliza muda wake, ndipo alipoondoka, na aliondoka pamoja na watu wa nyumbani kwake. Kisha, katika safari hiyo ya kuhama, akaitwa kwenye kazi kubwa kuliko zote, kazi ya utume.

Basi Musa alihama. Hakuna aibu katika kuhama. Lakini alihama akiwa amemaliza alichoahidi, na hakumwacha mzee wa Madyan akiwatafuta kondoo wake asubuhi.

Linganisheni na jambo tunaloliona siku hizi. Mtu anapokea simu jioni, usiku anapanda basi, na asubuhi mwajiri anakuta mlango umefungwa na funguo zimekwenda na mtu. Kama ni ghala la nafaka katika msimu wa mavuno, wakulima wamepanga foleni na magunia yao, hesabu haijakabidhiwa, na hapo wizi ukitokea atasingiziwa mlinzi maskini asiyejua lolote. Hao wote wameachwa wamesimama. Mtu huyo hawezi kusema ametafuta riziki ya halali, hali amewatia wenzake katika taabu ili aipate.

Sheria ya nchi nayo imekuja na jambo linaloafikiana na uadilifu huu. Mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi hutoa taarifa ya kuacha kazi si chini ya siku 28, kwa maandishi. Aliye katika mwezi wake wa kwanza hutoa siku 7, na anayelipwa kwa siku au kwa wiki hutoa siku 4. Anayekataa kufanya kazi katika siku za taarifa, mwajiri ana haki ya kumkata malipo ya siku hizo katika haki zake. Kinyume chake, anayeondoka kwa njia nzuri ana haki ya kupewa hati ya utumishi, nayo itamfaa maisha yake yote. Basi aandike barua, akabidhi funguo na madaftari mbele ya shahidi, na kama alikopa kwa mwajiri wake au katika chama cha akiba na mikopo kwa dhamana ya mshahara ule, apange malipo ya deni kabla hajaondoka. Ikiwa mwajiri mpya anasema, njoo kesho au basi, hiyo nayo ni habari: anayekufundisha kumvunjia mwenzake ahadi hana sababu ya kuitimiza ya kwako.

Na kuhusu ahadi mpya tunayoifunga, tujikumbushe historia ya nchi hii. Katika zama za ukoloni watu kutoka mikoa ya mbali waliandikishwa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, yakiwamo ya huku kwetu Kilosa. Waliitwa manamba. Walipewa kipande cha siku 30 za kazi, na mshahara haukutimia mpaka siku zote zijazwe. Siku ya kuumwa au ya kazi isiyomridhisha msimamizi haikuandikwa. Wengi walikuwa wamesikia kiasi cha fedha tu, wala hawakuelezwa namna siku zinavyohesabiwa. Leo sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi: kazi ni ipi, mahali ni wapi, saa ni ngapi, malipo ni kiasi gani. Asiyeyaomba maelezo hayo amejirudisha kwa hiari yake katika giza walimotiwa babu zetu kwa nguvu. Pia ajue kwamba kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri mmoja. Kwa hiyo kila anayehama huanza upya bila kinga hiyo. Ndiyo maana wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa, na msala huo ni mzuri kuuona. Lakini unapita, na haujawa wako mpaka utandikwe kwako.

JAMBO LA NNE: WATU WA NYUMBANI

Jambo la nne ni wale tuliopewa dhamana yao. Kumlisha mke na watoto ni wajibu wa mume, na mara nyingine wajibu huo hautimii ila kwa kusafiri. Anayesafiri kwa nia hiyo yuko katika ibada. Lakini wajibu wa baba haukuishia kwenye kutuma fedha kwa simu. Mtoto hufundishwa sala na mtu anayemwona akisali. Mzee mgonjwa huhitaji mkono wa kumwinua, na mkono hautumwi kwa simu.

Watu wa Dumila na Magole wanakumbuka Januari 2014, maji ya mto Mkundi yalipofurika. Nyumba zilibomoka, vyakula vilisombwa, daraja likaharibika, na barabara kuu ya Dodoma ikakatika. Msiba wa namna hiyo hufundisha mambo mawili yanayoonekana kupingana. La kwanza, nyumba yenye mtu mmoja anayepata mshahara nje ya bonde lenye mafuriko yaweza kuinuka upesi zaidi. Kwa hiyo kuhama kwa mmoja kwaweza kuwa rehema kwa wote. La pili, usiku maji yanapoingia, aliye mbali hawezi kumbeba mama yake. Kila nyumba ijue imo katika hali ipi. Ikiwa wapo ndugu wengine wenye nguvu watakaobaki na wazazi, mmoja aende. Ikiwa yeye ndiye pekee, basi ahesabu katika daftari lake kwamba anayeachwa amesimama ni nani, na aone kama nyongeza ile inamlipia.

Kwa sababu hiyo mume asimpe mkewe habari iliyokwisha kukatwa. Amshauri kabla, amwonyeshe hesabu. Mara nyingi mke ndiye anayejua bei ya unga na ada ya shule kuliko mwenye mshahara.

Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yetu na kwa ajili yenu. Nanyi mwombeni msamaha, kwani yeye ni mwingi wa kusamehe.

HOTUBA YA PILI

Tunamshukuru tena Mwenyezi Mungu kwa neema zake, na tunamwombea rehema Mtume wetu, jamaa zake na masahaba wake.

Ndugu Waislamu, baada ya kuitazama kazi, hesabu, ahadi na watu wa nyumbani, kunabaki mambo mawili: ushauri na istikhara. Mwenyezi Mungu alimwamrisha Mtume wake ashauriane na masahaba, ilhali wahyi ulikuwa unamshukia. Sisi tusiopata wahyi tuna udhuru gani? Mtafute mtu aliyewahi kufanya kazi mahali unapoitwa, na mwingine asiyefaidika kwa kwenda kwako wala kwa kubaki kwako.

Kisha sali istikhara. Jabir (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliwafundisha masahaba jambo hili kwa uangalifu ule ule aliowafundishia sura za Qurani. Ni rakaa mbili zisizo za faradhi, na baada yake dua ya kumwomba Mola achague lenye kheri katika dini, maisha na mwisho wa jambo, aliwepesishe, na ikiwa lina shari aliepushe, kisha amridhishe mja kwa lililotokea. Wengi hungojea ndoto. Hapana sharti la ndoto. Mtu husali, kisha huendelea na njia anayoiona kuwa sawa; ikifunguka, anashukuru, na ikifungwa, hasononeki. Wala istikhara si badala ya daftari. Yule aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu, aliambiwa amfunge kwanza. Basi funga hesabu yako, kisha sali.

Wanafunzi wetu mnaosoma sasa, jambo hili linawahusu mapema. Mkimaliza masomo mtakuta kazi ya kwanza ina mshahara mdogo na elimu nyingi, na nyingine ina mshahara mkubwa na elimu ndogo. Wale waliokopeshwa na Bodi ya Mikopo wakumbuke kwamba asilimia 15 ya mshahara wao itarejeshwa kila mwezi mpaka deni liishe; waitie katika hesabu, wala wasilikimbie, kwani ni deni kama madeni mengine. Yusufu (a.s.) alipoomba kazi kwa mfalme wa Misri alijitambulisha kwa sifa mbili, uhifadhi na ujuzi. Anayejenga sifa hizo mbili ujanani mwake atatafutwa na mishahara, badala ya yeye kuikimbilia.

Na nanyi waajiri, msidhani hotuba hii imeandikwa kwa ajili ya kuwalindia wafanyakazi wenu. Mtume (s.a.w.) amehimiza mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, na ametufahamisha kwamba miongoni mwa watu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni aliyemwajiri mtu, akachukua kazi yake kamili, asimlipe haki yake. Kama mfanyakazi mwaminifu anakuacha kwa sababu ya nyongeza ndogo, jiulize: miaka yote aliyokuwa akikuomba umfikirie, ni nani aliyekuwa ameachwa amesimama?

Kwa ufupi, ndugu zetu, aliyepata kazi iliyo halali, akaona kwa hesabu kwamba kinachobaki kimezidi, akatoa taarifa na kukabidhi, akawapanga watu wa nyumbani kwake, akashauriana na akasali istikhara, huyo aende kwa jina la Mwenyezi Mungu wala asirudishwe nyuma na hofu. Na yule ambaye jambo moja katika hayo halikutimia, angoje au abaki; riziki yake haitaliwa na mwingine.

Ewe Mola wetu, turuzuku kilicho halali, ukitie baraka kilicho kidogo, wala usikifanye kilicho kingi kuwa fitina kwetu. Wahifadhi vijana wetu walio safarini, waponye wagonjwa wetu, warehemu waliotutangulia. Wape waajiri uadilifu na wafanyakazi uaminifu. Ijalie miji yetu amani na mvua zenye manufaa, utuepushe na mafuriko na njaa. Utupe kheri katika dunia yetu na katika akhera yetu, utuepushe na adhabu ya Moto. Amin.

Simameni tusali, Mwenyezi Mungu awarehemu.